Mji Kasoro Bahari: Hesabu ya Kuhama Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 5,383,728. Katika miaka hiyohiyo kumi, Mkoa wa Pwani, ambao umelizunguka jiji hilo kwa upande wote wa nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 na kufikia 2,024,947. Jiji liliongeza watu wasiofika robo ya wale liliokuwa nao, ilhali jirani yake alikaribia kuongezeka maradufu. Aliyepita Mapinga, Kibaha au Mkuranga siku za karibuni, akaona matofali yaliyopangwa kando ya barabara na mabango ya viwanja kila baada ya hatua chache, hahitaji kuelezwa tarakimu hizo zina maana gani. Watu wamekuwa wakiondoka Dar es Salaam kwa muda mrefu, isipokuwa wengi wao huvuka mpaka wa mkoa tu na kubaki mahali ambapo daladala bado inawafikisha Kariakoo.

Makala hii inawahusu wale wanaokwenda mbali zaidi ya hapo, yaani wanaofungasha vyombo kwenye Fuso na kwenda kuanza upya Morogoro, Dodoma au Tanga kwa sababu wamesikia kwamba huko maisha ni nafuu. Sina ugomvi na neno hilo, lakini nimeona likiwadanganya watu wenye akili timamu, kwa sababu linatumika kana kwamba unafuu ni sifa ya mji wenyewe, kama ilivyo hali ya hewa au mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Mji mmoja huweza kuwa nafuu kwa mwalimu na ukawa ghali kwa fundi cherehani anayepanga nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na ya mwalimu huyo. Kinachowatofautisha ni mahali inapotoka pesa ya kila mmoja wao, na mahali zinapotoka bidhaa ambazo kazi yake haiwezi kwenda bila hizo.

Tuanze na kodi ya nyumba, kwa kuwa ndiyo inayowahamisha wengi. Kodi ya Dar es Salaam huumiza kwa kiwango chake, lakini huumiza zaidi kwa namna inavyolipwa. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali aliyekuonyesha nyumba hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mpangaji hatatoa 150,000 siku ya kuingia; atatoa 900,000 za miezi sita na 150,000 za dalali, jumla 1,050,000, na kabla hajamaliza kupumua miezi sita imekwisha. Mtu anayelipwa kila mwezi, au anayeokota riziki yake siku kwa siku, hana njia ya kupata fungu hilo isipokuwa kwa kukopa, kucheza upatu au kuuza kitu. Sasa tuseme chumba na sebule cha aina hiyohiyo Morogoro ni shilingi 80,000. Kwa utaratibu uleule wa miezi sita na dalali, mpangaji atahitaji 560,000. Tofauti ya kodi kwa mwezi ni 70,000, lakini tofauti anayoihisi mwilini ni karibu nusu milioni kila inapofika siku ya kulipa, na mara nyingi hiyo ndiyo inayoamua.

Hata hivyo inafaa kujiuliza kodi ile ya Dar es Salaam inanunua nini. Sinza ya Dar es Salaam haina saruji bora kuliko Kihonda ya Morogoro, na bati ni bati. Kinachouzwa ni ukaribu: ukaribu na bandari, na Kariakoo, na ofisi kuu za benki na kampuni, na watu wanaokupigia simu saa mbili asubuhi wakisema kuna kazi ya haraka, njoo sasa hivi. Mtu anayeutumia ukaribu huo hupata thamani ya kodi yake, hata kama hulalamika. Kinyume chake, yule anayelipa kodi ya jijini huku akiishi Chanika, akitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili awahi Posta, hulipa mara mbili kwa kitu ambacho hakipati sawasawa. Akitumia tuseme shilingi 2,500 kwa siku kwa magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, siku 26 za kazi zitamla shilingi 65,000, na saa anazozipoteza barabarani hakuna anayemrudishia. Kwa mtu wa namna hii mji mdogo una hoja yenye nguvu sana, kwa sababu safari yote ya kwenda kazini inaweza kugeuka mwendo wa miguu wa dakika kumi na tano au bodaboda moja.

Chakula kinahitaji maneno machache tu. Morogoro mboga na matunda hushuka kutoka milima ya Uluguru, hususan Mgeta, na huuzwa kabla hayajabebeshwa gharama ya lori la kuyapeleka jijini. Tanga ina samaki, machungwa na nazi. Dodoma ina zabibu, mtama na nyama, lakini ni nchi kame, na sehemu kubwa ya ndizi na mboga zake husafiri kutoka kwingine. Anayehama akitegemea kwamba kila mji nje ya Dar es Salaam ni shamba atashangazwa na bei za sokoni Dodoma.

Sehemu ambayo wengi huiruka ni ile ya vitu ambavyo bei yake haibadiliki hata ukihamia wapi. Umeme wa TANESCO hununuliwa kwa bei zinazopangwa kitaifa, hivyo jokofu la Ngamiani, Tanga, linalipiwa kama la Tandika, Dar es Salaam. Kifurushi cha intaneti kwenye simu ni kilekile. Ada ya shule ya bweni inayopokea watoto kutoka nchi nzima haiulizi mzazi anakaa wapi. Upande wa kipato nako kuna jambo linalofanana na hilo: mtumishi wa serikali Tanzania hulipwa kwa ngazi ya mshahara wake, si kwa mji anaofanyia kazi, na kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa sekta. Nchini Kenya mambo ni tofauti kidogo, kwani amri ya kima cha chini cha mishahara huipa Nairobi na miji mingine mikubwa ngazi ya juu kuliko maeneo mengine, kwa hiyo mlinzi anayehama Nairobi kwenda mji mdogo anaweza kukuta sheria yenyewe imempunguzia kiwango anachoweza kudai. Kwetu sheria haikupunguzii, lakini soko linaweza.

Halafu kuna vitu vinavyopanda bei kadiri unavyolipa jiji kisogo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya gari. Kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kwa kila mji, na ukisoma jedwali lake utaona mantiki yake: mafuta hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na mji unaochukua mafuta kutoka bandari fulani hulipa bei ya bandari hiyo pamoja na gharama ya kuyasafirisha. Ndiyo maana petroli ya Dodoma haiwezi kuwa rahisi kuliko ya Dar es Salaam inakotoka. Saruji hufuata kanuni ileile, kwa kuwa viwanda vikubwa viko Wazo Hill, Tanga na Mtwara, na anayejenga Dodoma hulipia barabara ndani ya kila mfuko. Nguo, vipuri, simu na vifaa vya ofisi karibu vyote hupitia Kariakoo kabla ya kufika dukani mikoani. Hapa Tanga husimama peke yake miongoni mwa miji ninayoitaja, kwa sababu ina bandari yake na kiwanda chake cha saruji, jambo ambalo wahamaji wengi hulisahau wakivutwa na jina la makao makuu ya nchi, Dodoma.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama mji fulani utakuwa nafuu kwake anapaswa kuanza na swali la pesa yake. Mstaafu mwenye pensheni, mtumishi aliyehamishwa pamoja na mshahara wake, mtu anayefanya kazi kwa kompyuta na kulipwa na kampuni iliyo Dar es Salaam au ng'ambo, na mwenye nyumba za kupangisha Mbezi ambaye mwenyewe ameamua kukaa Morogoro, hawa wote hubeba kipato cha mji mkubwa na kukitumia kwa bei za mji mdogo. Kwao unafuu ni wa kweli. Mwenye duka, fundi, mama lishe, dereva wa bajaji na wakili wa kujitegemea hawana bahati hiyo, kwani hulipwa na wateja wa mji walikohamia, ambao nao wana vipato vya mji huo. Kodi ikishuka kwa nusu na mapato yakashuka kwa nusu, aliyehama hakupata chochote zaidi ya kubadilisha mandhari.

Kuna fundi cherehani ninayemfahamu ambaye alihama kutoka Mbagala kwenda Kihonda, Morogoro, mwaka 2022. Ni mtu wa kuandika. Ana daftari la kaunta alilolipiga mistari kwa rula, lenye safu mbili, "Kuingia" na "Kutoka", na pembeni safu ya tatu nyembamba aliyoiita "Dar". Fremu yake ya Mbagala ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, ya Kihonda ni 60,000. Gauni la kitenge alilokuwa akishona kwa 25,000 kule, huku hushona kwa 18,000, na hata hapo wateja huomba apunguze. Kitambaa cha kawaida anakipata Morogoro bila taabu. Zipu za rangi, bitana nzuri, lastiki na uzi wa jumla ndivyo vinavyompeleka Kariakoo, kwa sababu akivinunua rejareja mjini Morogoro faida yote inaishia kwenye zipu.

Mwanzoni alikuwa akipanda basi Msamvu, anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, kisha anaanza safari ya pili ya kuingia mjini, na kurudi kwake usiku kulitegemea foleni. Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000, safari ikawa chini ya saa mbili, na stesheni ya jijini iko umbali mfupi tu kutoka maduka anayoyahitaji. Alifurahi, kama tulivyofurahi wengi. Kisha akajumlisha safu yake ya tatu. Kwenda na kurudi ni 26,000. Alikuwa akienda mara mbili kwa mwezi, maana yake 52,000. Fremu ilikuwa imempunguzia 60,000. Faida yote ya kuhama, kwa upande wa kodi ya fremu, ilikuwa imebaki shilingi 8,000, na hapo hajala chakula cha mchana Kariakoo wala hajalipa mkokoteni.

Nilimuuliza kama anajuta, akacheka. Kilichomfaa hakikuwa kile alichokitarajia. Alipokuwa Mbagala aliishi mbali na fremu. Sasa anakwenda kwa miguu, na saa zilizokuwa zikiishia kwenye daladala anazitumia kushona sare za shule, ambazo hulipa kidogo kwa kipande lakini huja kwa wingi na kwa msimu unaojulikana. Karibu yake kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambao mahafali yao hayaahirishwi kwa sababu pesa imekuwa ngumu. Yaani alihama kwa ajili ya kodi, akaokolewa na muda.

Dodoma inahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndiyo mji ambako jambo hili limejaribiwa kwa amri ya serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini ulitekelezwa nusunusu: Bunge lilihamia, wizara zikabaki pwani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na mara hii ikahama kweli. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Ndiyo ajabu ya Tanzania, kwamba mtu anayeondoka mji mkubwa kwenda mji mdogo anaweza kuwa anaelekea makao makuu ya nchi badala ya kuyakimbia.

Watu waliokuwa 410,956 katika eneo la mji huo mwaka 2012 walikuwa 765,179 mwaka 2022. Wengi wa wageni hao walikuja na mishahara ileile waliyokuwa wakilipwa Dar es Salaam, na wakati huo nyumba za kupanga zilikuwa chache. Matokeo yalitabirika. Kodi za Area C, Area D na Ilazo zilipanda, wenye nyumba wakajifunza neno "mtumishi" na kulipangia bei, na wenyeji ambao kipato chao kilitokana na soko la Majengo au mashamba ya pembezoni walijikuta wakishindania vyumba na maofisa wa wizara. Unafuu wa Dodoma uliliwa na watu walioufuata. Sioni kama lilikuwa kosa la yeyote kati yao, ila mtu anayesoma leo ushauri ulioandikwa kabla ya mwaka 2016 anasoma habari za mji mwingine.

Dodoma pia ina gharama ambayo haitajwi na dalali, nayo ni maji. Mji ule upo katika ukanda wa nusu jangwa na kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, visivyokua kwa kasi ya watu. Mgao unapokuwa mkali, familia hununua maji ya boza na kuyahifadhi kwenye simtanki, na anayetafuta nyumba afanye vema kuuliza kuhusu tanki kabla hajauliza kuhusu vigae.

Lililowagharimu watumishi wengi zaidi ya kodi, hata hivyo, ni kuwa na nyumba mbili. Mume au mke alihamishwa, mwenzake akabaki Dar es Salaam kwa sababu ana kazi yake huko, au watoto walikuwa katikati ya darasa, au nyumba ya familia ilikuwa imejengwa Goba na haingeweza kubebwa. Treni ilifika Dodoma tarehe 25 Julai 2024 kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000, ikaifupisha safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwenye basi kuwa ya takribani saa nne. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni 62,000, na mwenye kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki atalipa 248,000 kwa mwezi wa wiki nne, kiasi ambacho kingempangia nyumba ya pili. Familia inayohama nusu huwa haijahama. Inalipa gharama za miji yote miwili na kupata raha ya mmoja tu, na kwa maoni yangu huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika suala zima, kwa sababu mtu hujiambia kwamba ni kwa muda mfupi.

Matibabu nayo yana jiografia yake. Muhimbili, taasisi ya saratani ya Ocean Road na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ziko Dar es Salaam. Dodoma imepata Hospitali ya Benjamin Mkapa, yenye huduma za kibingwa, na imepunguza safari nyingi za rufaa. Morogoro na Tanga zina hospitali za rufaa za mikoa, zinazotosha kwa mengi na zisizotosha kwa baadhi. Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani, hasa anayehitaji kliniki ya mara kwa mara jijini, aziandike nauli za watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, pamoja na mahali pa kulala, kabla hajalinganisha kodi.

Na kuna michango. Mtu akihama, ukoo wake, kanisa lake au msikiti wake, na vikundi vyake vya kusaidiana havihami naye. Ataendelea kuchangia harusi za Temeke kwa simu, jambo ambalo ni rahisi, lakini msiba hauchangiwi kwa simu peke yake. Wakati huohuo mtaa mpya utamtaka ajiunge na kikundi cha mtaa mpya, kwa kuwa asiyezika wenzake hazikwi. Kwa mwaka wa kwanza au wa pili mhamaji huwa mwanachama wa mitaa miwili, na sijawahi kuona mtu aliyeiweka gharama hiyo kwenye hesabu zake za awali.

Morogoro watu huuita mji kasoro bahari, kwa maana kwamba una kila kitu isipokuwa pwani. Fundi wangu wa Kihonda husema kilichokosekana ni Kariakoo, siyo bahari, naye amepata njia ya kuishi bila Kariakoo mlangoni. Mwaka jana alikubaliana na mafundi wenzake watatu wa mtaa huo kwamba kila baada ya wiki mbili mmoja wao ataenda kwa niaba ya wote, kwa zamu, na nauli ya 26,000 igawanywe kwa wanne. Kila mmoja sasa hutoa 6,500 kwa safari, yaani 13,000 kwa mwezi badala ya 52,000. Wana orodha iliyoandikwa nyuma ya kasha la nyuzi: zipu nyeusi za inchi nane, bitana ya maziwa, lastiki nyembamba, na jina la aliyeagiza mbele ya kila kitu ili pasiwe na maneno wakati wa kugawana.

Zamu yake hufika kila baada ya wiki nane. Siku hiyo huwa harudi kwa treni ya jioni. Hupitia Mbagala kwa dada yake, analala usiku mmoja, na asubuhi huandika nauli ya daladala katika safu ya tatu, peke yake, bila kuigawa kwa wanne.